Asili ya Beberu Aliyeitwa Mwali

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni siku moja ya masika nilipokaa kitandani bwenini, kalamu mkononi, nikamalizia hadithi ambayo haikuwa yangu kuimaliza. Kwa miaka ishirini na sita nimekana kosa hilo. Nilimkania mama yangu mzazi, nikamkania mhariri wa gazeti, na mwaka jana nikawakania wazee kumi na wawili waliokaa kwenye mikeka wakinitazama kwa heshima. Sasa nakiri. Mwisho wa hadithi ya beberu wa ukoo wetu niliutunga mimi. Babu Kibwana hakunitamkia hata neno moja la mwisho ule.

Ningependa kusema nilikuwa mtoto. Sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wa pili chuo kikuu, na nilivaa miwani ambayo daktari alisema siihitaji sana.

Mhadhiri wetu wa Kiingereza alikuwa ametupa kazi iliyowachekesha wenzangu. Alitaka kila mmoja achague majina kumi ya Kiingereza ya wanyama dume, aeleze maana na asili ya kila moja, kisha ayalinganishe na majina ya lugha ya nyumbani kwao. Wenzangu waliona ni kazi ya wachungaji. Mimi niliipenda. Nilijifungia maktaba wiki nzima, na mpaka leo sijapata wiki nyingine ya raha kama ile.

Niligundua kwamba Waingereza wana jina la farasi dume, stallion, lililotokana na neno la banda, kwa sababu yeye ndiye aliyetunzwa bandani wakati wengine wanafanya kazi. Niligundua kwamba karibu kila mnyama wa zizini ana jina la dume aliye kamili na jina jingine la dume aliyehasiwa, kama sisi tulivyo na fahali na maksai, na beberu na ndafu. Nikagundua pia kwamba watu hawa, ambao tuliambiwa hawapendi mazoea, wamempa paka dume jina la Tom, punda dume jina la Jack, na beberu jina la Billy, kama watoto watatu wa nyumba moja. Nilicheka peke yangu hadi mtunza maktaba akanyanyua kichwa.

Bata dume ndiye aliyenikera. Jina lake kwa Kiingereza ni drake, na kila kamusi niliyoifungua, hata ile kubwa inayobebwa kwa mikono miwili, iliishia palepale: asili haijulikani kwa hakika. Niliwaonea huruma. Nilijiuliza inakuwaje watu waandike kitabu kizito hivyo halafu wakiri hadharani kwamba hawajui. Mwanangu, ningekuwa na akili ningesimama hapo na kujifunza. Niligeuza ukurasa.

Nusu ya pili ya kazi ilinipeleka kwetu, juu ya Mlali, njia ya kwenda Mgeta, ambako nyumba zimeshikilia mteremko na mtu anapanda maharage akiwa karibu amesimama wima. Nilikwenda kwa Babu Kibwana, mjomba wa mama yangu. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mkuu wa ukoo hurithiwa na mtoto wa dada, si mtoto wake mwenyewe. Babu ndiye aliyekuwa mkuu wetu. Alikuwa Mwislamu wa sala tano, na kila mwaka kabla ya mvua za kupandia alilifanya tambiko pia, bila kuona kwamba hayo mawili yanagombana.

Nilimwamkia, akaniitikia, akaniuliza habari za chuo kana kwamba chuo ni mgonjwa anayeendelea vizuri. Nikafungua daftari. Nikamuuliza majina ya kuku dume, kondoo dume, mbuzi dume. Akajibu yote kwa subira, akimenya muwa.

Tulipofika kwa mbuzi akasita. “Mbuzi dume wa watu, au yule wetu?”

“Wenu yupi, Babu?”

“Wa tambiko. Yule haitwi beberu. Anaitwa Mwali.”

Unaelewa, mwanangu, nilivyoshtuka kwa furaha. Waingereza walimwita beberu wao kwa jina la mwanamume, na sisi wa kwetu tulimwita kwa jina la msichana aliyewekwa ndani baada ya kuvunja ungo. Nilijiona tayari nimepewa alama ya juu. Nikamwomba aniambie asili yake, na yeye akaweka muwa chini, kwa sababu jambo hilo hakulisimulia huku anatafuna.

Ilikuwa enzi za Mjerumani, akaanza. Yeye alikuwa hajazaliwa. Aliyasikia kwa mama yake. Reli ilikuwa imeshafika Morogoro, na Mzungu mmoja aliyefuga wanyama huko bondeni alikuwa ameletewa beberu kutoka kwao, mweupe, mrefu, mwenye ndevu zilizokaribia magoti. Alikuja kwa meli, akapanda garimoshi, na watu walishuka milimani kwenda kumtazama. Mzungu huyo alitaka mbuzi wote wa nchi wazae watoto wa beberu wake. Ikatoka amri kupitia kwa akida, akida akawaambia majumbe, kwamba kila kaya ishushe madume yake wahasiwe. Atakayeficha dume mmoja atachapwa kiboko, na jumbe wake naye atachapwa.

Watu wa bondeni walipeleka. Watu wa milimani walipeleka pia, kwa sababu kiboko hakiulizi mtu anaishi wapi. Lakini ukoo wetu ulikuwa na shida ambayo Mzungu hakuifikiria. Tambiko la mvua halikubali mnyama aliyehasiwa. Ni lazima awe dume kamili, mweusi, na bila yeye mkuu wa ukoo hafungui msimu, na msimu usipofunguliwa hakuna anayethubutu kuitia jembe ardhi ya mababu. Wazee wakakaa. Wakaamua kumficha mmoja.

Na mahali pa kumficha palikuwa pamoja tu. Dada mkubwa wa Babu, aliyeitwa Mwanamvua, alikuwa mwali wakati huo. Alikuwa amewekwa ndani ya nyumba ya mama yake, haoni jua, haonwi na mwanamume yeyote, akifundwa na somo wake na kusubiri siku ya kutolewa nje kwa ngoma na kupelekwa kwa mume aliyekwisha kumposa. Hakuna askari, hata wa mbali namna gani, aliyekuwa hajui kwamba nyumba ya mwali haiingiwi. Beberu akaingizwa humo.

Hapo Babu alicheka mpaka akafuta macho. Kama hujawahi kulala chumba kimoja na beberu, alisema, usiombe. Beberu hujikojolea ndevu zake mwenyewe na kuona amejipaka manukato. Mwanamvua alikaa naye miezi minne. Majirani walipouliza harufu ile ni ya nini, somo alijibu kwamba mwali anapakwa dawa ya ngozi, na mwanamke mmoja wa ng’ambo ya mto akatuma kuomba kidogo kwa ajili ya binti yake. Watu wa nyumbani hawakuthubutu kulitamka neno beberu. Waliulizana: mwali amekula? Mwali amelala? Mwali mkubwa au mwali mdogo?

Kisha mtu mmoja akasema maneno penye masikio ya jumbe, na askari akapanda mlima.

“Akasimama uani,” Babu akasema. “Watu wote wakasimama. Mlango ukafunguliwa. Na aliyeufungua ni Mwanamvua mwenyewe, kwa mkono wake.”

Akaokota muwa wake. Nikasubiri, kalamu juu ya karatasi.

“Yaliyobaki kesho,” akasema. “Yana aibu ya mtu ndani yake. Asubuhi tutakwenda kaburini kwake nimwombe ruhusa, ndipo nitakuambia.”

Nikamwambia asubuhi kuna gari la kabichi linaloshuka mjini, na kazi yangu inatakiwa keshokutwa. Akanitazama kwa upole. Akasema kabichi zitapatikana tena siku ya gulio. Mimi nilisema sawa, Babu. Na alfajiri, yeye akiwa msikitini, nilimpa mkewe salamu za kumwachia, nikapanda juu ya kabichi.

Basi ndiyo nikawa bwenini na hadithi isiyo na mwisho. Kurasa tisa za majina ya Kiingereza zilikuwa zimekamilika, zina tanbihi na kila kitu, na ukurasa wa kumi ulikuwa na msichana amesimama mlangoni. Ningeweza kuandika kwamba yaliyofuata sikuyapata. Ingenigharimu alama mbili, labda tatu. Lakini nilikuwa na mlango uliofunguliwa, nilikuwa na askari, nilikuwa na harufu ya miezi minne, na nilikuwa na mzee aliyesema kuna aibu. Nikaunganisha. Nikaandika kwamba Mwanamvua, alipochoshwa na uvundo, alifungua mlango akamswaga beberu mpaka miguuni kwa askari. Kwamba mwaka ule tambiko halikufanyika. Na kwamba tangu hapo beberu wa ukoo wetu anaitwa Mwali ili usaliti wa msichana yule usisahauliwe. Chini yake nikaandika: chanzo, mkuu wa ukoo, kwa mdomo.

Nilipata alama ya juu kuliko wote. Mhadhiri aliandika pembeni kwamba mfano wangu una nguvu.

Babu alifariki kabla ya mwaka kwisha, na sikuwa nimerudi kwake. Nililia kweli. Nikaona aibu pia kwa sababu katikati ya kilio kile, mahali fulani ndani, nilipumua: sasa hakuna atakayeuliza. Kisha nikaifanya ile kazi makala nikaipeleka gazetini, nayo ikatoka na jina langu kamili. Mjomba wangu mmoja aliikata akaibandika ukutani. Mwalimu wa shule ya kule kwetu akaigeuza igizo la siku ya wazazi, na msichana aliyeigiza Mwanamvua alizomewa mpaka akalia.

Mwanamvua alikuwa ameacha binti. Anaitwa Zaituni, na kwa mpangilio wa ukoo wetu yeye ni dada wa mama yangu, kwa hiyo ni mama yangu mkubwa. Anaishi Mlali, analima nyanya. Baada ya lile igizo alikuja mpaka mjini kunitafuta. Hakukaa. Alisimama mlangoni, akaniuliza kama Kibwana aliniambia vile kwa mdomo wake.

“Ndiyo, mama mkubwa,” nikasema.

Akaokota kikapu chake, akaenda zake. Nikamwambia mama yangu kwamba dada yake ana kiburi.

Miaka ikapita, mwanangu, kama inavyopita kwa watu wenye kazi. Nikawa mwandishi wa insha. Nimeandika juu ya ukweli mara nyingi, na moja ya insha hizo hutumiwa shuleni. Huko milimani wajukuu wa mama mkubwa waliitwa watoto wa mtoa beberu. Kama utani, watu walisema. Msichana mmoja wa nyumba ile aliwekwa ndani, na siku ya kutolewa kwake wenzake waliimba beti ambazo nisingependa kuziandika. Nilizisikia habari hizo. Nilibadilisha mazungumzo.

Mwaka jana aliyerithi nafasi ya Babu naye akafariki, na ukoo ukatafuta mkuu mpya. Kwa haki ya damu, zamu ilikuwa ya Salumu, mtoto wa mama mkubwa Zaituni, mtu mtulivu anayeheshimiwa na kila jirani. Lakini mkuu ndiye anayemshika Mwali kwa kamba siku ya tambiko, na mzee mmoja mwenye sauti, Mzee Mbaraka, alisimama akasema kwamba nyumba iliyomtoa Mwali kwa askari haiwezi kupewa kamba yake. Alikuwa na ushahidi. Alikuwa na gazeti, limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Wakaniita. Nilipanda mlima nikiwa nimevaa vizuri. Wazee kumi na wawili walikuwa kwenye mikeka, na mama mkubwa alikaa pembeni na wanawake, hanitazami. Mzee Mbaraka akaniuliza swali lilelile la mama mkubwa. Nilikuwa na nafasi nzuri kuliko zote maishani mwangu. Nikasema niliyoandika niliyasikia kwa mkuu wa ukoo, marehemu.

Wakaahirisha kikao wapate kutafakari. Usafiri ulikuwa umekwisha, na aliyejitolea kunishusha kwa pikipiki alikuwa Salumu. Njia nzima hakuuliza kitu. Tulipofika Mlali alisimama nyumbani kwake, akaniletea ndoo ya nyanya, akaifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira. Aliponifikisha mjini alisema, “Asante kwa kuja, dada. Najua una shughuli.”

Nyanya zile zilikaa jikoni kwangu siku nne. Sikuweza kuzipika na sikuweza kumpa mtu. Siku ya tano zilianza kulegea na kutoa maji sakafuni, na mimi nikiwa nimepiga magoti na kitambaa nikajikuta naziomba radhi. Mwanamke wa miaka arobaini na minane, mwenye shahada mbili, anaziomba radhi nyanya. Nilivua aproni, nikaenda stendi.

Mama mkubwa alikuwa uani, anachagua nyanya za kupeleka sokoni, ngumu huku na laini huku. Nikamwamkia. Akaitikia. Nikakaa chini kwenye vumbi, nikasema yote, kuanzia gari la kabichi.

Hakuacha kuchagua. Nilipomaliza, aliifuta nyanya moja kwa upande wa khanga, akaigeuzageuza. “Kwa hiyo mama yangu amebeba mtihani wako kichwani miaka yote hii,” akasema.

Niliokota nyanya laini iliyobingirika, nikairudisha kwenye fungu lake.

“Na ulifaulu?”

“Nilifaulu, mama mkubwa.”

“Haya. Angalau.”

Nikamuuliza kama yeye anaujua mwisho wa kweli. Akasema anaujua. Nikamwomba aniambie, ili niende nao kwa wazee. Hapo ndipo aliponiangalia kwa mara ya kwanza, na mwanangu, nimekemewa na wahadhiri, wahariri na mama yangu, lakini sijakemewa kama siku ile, na hakupandisha sauti.

“Hapana. Ukipewa mwisho utaupamba. Utakwenda kwa wazee huna kitu mkononi. Utawaambia hukuambiwa, ulitunga, na hujui. Basi. Ukishasema hujui, yanayobaki ni yangu mimi.”

Nikapanda mlima tena. Wazee walewale, mikeka ileile. Nikasimama nikasema kwamba Babu aliishia mlangoni, na kwamba yote yaliyokuwa baada ya mlango niliyatunga nikiwa kitandani. Nilisikia kuku wakiparua.

Mzee Mbaraka alilitoa gazeti kwenye plastiki yake, akalitazama kama mtu aliyeuziwa dawa ya uongo. “Kama mwisho si huu, ni upi?”

“Sijui, Mzee.”

“Umesoma vyuo vyote hivyo, hujui?”

“Sijui.”

“Na hapa pameandikwa chanzo, mkuu wa ukoo.”

“Niliandika mimi. Si kweli.”

Mmoja akaanza kucheka kidogo, mwingine akamnyamazisha. Kisha wakaniambia niende, kwa sababu waliotakiwa kuzungumza sasa walikuwa wengine. Nilishuka kwa miguu mpaka Mlali. Magoti yaliniuma, mvua ilinipata njiani, na kitu cha ajabu, nilijisikia mwepesi kuliko nilivyokuwa tangu bwenini.

Sasa nikuambie lile lililonifanya niandike haya, kabla sijafika kwenye simu. Mzee akikuambia subiri kesho, subiri. Kazi yako itachelewa, alama zitapungua, gari litaondoka, na hutakufa. Anayekuomba muda huenda anamwombea mtu mwingine heshima yake, mtu usiyemjua na asiyeweza tena kujitetea. Na mahali ambapo huna la kuandika, acha pabaki wazi. Andika hujui, uweke jina lako chini yake. Uongo wangu ulikuwa mdogo, mistari sita tu, lakini ulikuwa na sauti ya mkuu wa ukoo ndani yake, na ndiyo maana haukuweza kuvunjwa na mtu yeyote isipokuwa mimi. Na ukishakosea, usifanye nilivyofanya, kungoja mpaka aibu yako iwe imeolewa na kuzaa kwenye nyumba ya wengine. Nenda mapema, wakati anayestahili kuombwa radhi bado anasikia.

Siku mbili nilikaa na simu mkononi kama mgonjwa, nikingoja habari za kikao. Iliita Jumapili mchana. Alikuwa mama mkubwa.

Alianza na habari za nyumbani, habari za kazi, habari za magoti yangu. Sauti yake haikunionyesha kitu. Kisha akasema wazee walimsikiliza, na aliwaambia yale ambayo mama yake alimkataza kuyasema. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza miaka ishirini na sita. Akasema ni kwa sababu mlango kweli ulifunguliwa, na mama yake ndiye aliyeufungua. Angeanzia wapi kukana? Neno la mkuu wa ukoo lingekuwa juu ya neno la binti.

“Askari alisema haingii kwa mwali,” akaendelea. “Naye alikuwa na dada zake kwao. Lakini akasema, kama humo kuna mwali, na atoke nimwone. Asipotoka, basi hakuna mwali, kuna mbuzi, na mimi naingia. Wazee wakakosa la kusema. Wakimtoa, wamemvunjia uwali wake. Wasipomtoa, beberu amekwenda. Walikuwa bado wanatazamana, mama akafungua mlango. Akatoka vilevile mwali anavyokaa ndani, na kipande cha kaniki kiunoni. Miezi hajaona jua, akawa anafumba macho. Akasimama katikati ya uwanja, mbele ya wanaume wote. Akasema, mwali ni mimi.”

“Na askari?”

“Akageuza uso. Akaondoka bila kutazama nyuma. Beberu alikuwa ndani, anatafuna mkeka.”

Akasema waliomposa mama yake walivunja uchumba juma lilelile, kwa sababu mwali aliyeonwa kabla ya siku yake si mwali tena. Hakutolewa kwa ngoma. Alishuka Mlali akaolewa baadaye sana, mke wa pili. Mvua zilipokaribia, ukoo ukamtoa beberu kwa tambiko, na bibi yake, mama aliyemzaa Mwanamvua, akasema kwamba kama binti yake hakupata ngoma yake, mnyama huyu ataipata badala yake. Ndiyo maana mpaka leo wanamtoa kwa ngoma ya mwali na kumwita kwa jina lile. Watu waliokuwa wakiicheza walikwishasahau wanamchezea nani.

“Juzi nimewakumbusha,” akasema. “Mbaraka alilia, mtu mzima. Akatoka nje, akarudi na kamba, akampa Salumu mkononi.”

Nilitaka kusema kitu kizuri. Mimi ni mwandishi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Sikuweza. Nilikaa sakafuni, simu sikioni, machozi yakishuka, na kwa mara ya kwanza sikutafuta maneno ya kujazia.

“Unalia nini?” mama mkubwa akauliza. “Yamekwisha, mwanangu. Umesema kweli mbele ya watu, na mama yangu amerudishiwa jina lake. Ukiandika, andika hivihivi nilivyokuambia, usiongeze. Mungu akupe umri, akupe macho mazuri na mkono mkweli, na watoto wako wakusikilize kuliko wewe ulivyomsikiliza Kibwana.”

“Amina, mama mkubwa.”

“Haya. Tambiko ni mwezi ujao. Njoo mapema, na ukae mpaka mwisho.”

Akakata simu.